Mpiga Muziki Anayejua Kunyamaza: Juu ya Uchaguzi wa Muziki wa Arusi Shinyanga na Geita

Watu wengi wakisikia neno uhakiki hufikiri mara moja juu ya vitabu: riwaya, tamthilia na diwani za mashairi zinazosomwa darasani. Mwalimu huuliza maudhui ni nini na fani ni ipi, na mwanafunzi hujibu kwa kadiri alivyosoma. Lakini upo uhakiki mwingine unaofanywa karibu kila juma katika miji na vijiji vyetu, na watu ambao hawajapata kushika kitabu cha uhakiki mikononi mwao. Ni ule unaofanywa na kamati ya arusi inapokaa jioni, daftari la michango likiwa mezani, na kujiuliza: tumwite nani atupigie muziki?

Swali hili huonekana dogo. Katika kamati nilizopata kuwa mjumbe wake, nazo ni nyingi, hujadiliwa mwisho kabisa, baada ya ukumbi, chakula, mapambo na keki, wakati wajumbe wamekwisha choka na wengine wameanza kutazama saa. Mmoja husema, "Fulani ana spika kubwa." Wa pili huitikia, na jambo likawa limekwisha. Mimi nasema hapo ndipo tunapokosea. Kumchagua mpiga muziki ni kuamua nani atasema na nani atanyamazishwa katika siku ambayo koo mbili zinaungana. Katika insha hii nakusudia kuonyesha, kwa mifano ya Shinyanga na ya ukanda wa dhahabu wa Geita ambako nimetumikia kazi ya utamaduni kwa muda mrefu, kwamba sifa ya kwanza ya mpiga muziki wa arusi si ukubwa wa sauti yake, bali ni ujuzi wake wa kunyamaza.

Mizani ya wazee

Wasukuma ni watu wa ngoma, na tena ni wahakiki wakali wa ngoma. Tangu karne ya 19 wachezaji wao wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagalu na Bagika, ambavyo mapokeo huvihusisha na wapinzani wawili, Gumha na Ngika, waliokuwa mabingwa wa ngoma na wa dawa. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, vikundi viwili hukutana katika uwanja mmoja na kupiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Watu wenyewe ndio waamuzi: huenda upande huu, wakarudi upande ule, na kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Ushindani wa namna hii unaonekana katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, ambayo Padri David Clement aliikuza tangu miaka ya 1950 na ambayo jina lake kwa Kisukuma lina maana ya maua.

Msomaji wa haraka anaweza kusema: basi hata wazee walitaka umati tu, na mwenye kelele nyingi ndiye aliyeshinda. Haikuwa hivyo. Katika ngoma ya Kisukuma yupo kiongozi wa nyimbo anayeitwa ningi, ambaye kwa Kiswahili tungemwita manju. Ningi hutoa wimbo, na watu huitikia. Akitoa wimbo usioitikika, hata kama sauti yake inafika vilima vya jirani, wimbo huo umekufa, na watu watahamia upande wa pili. Umati haukai mahali ambapo hauna kazi ya kufanya. Kwa hiyo mizani ya wazee haikupima sauti ya mwimbaji mmoja. Ilipima sauti za watu wengine alioziamsha.

Tazama pia bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo vikundi vya sanaa vimeipeleka katika majukwaa ya nchi nzima. Asili yake ni shambani. Ngoma ilipigwa ili majembe yapande na kushuka pamoja, na mlimaji asisikie uchovu. Mpigaji aliyekwenda mbio kupita mikono ya walimaji hakuwa fundi, alikuwa msumbufu. Hapo ndipo ilipo kanuni ambayo nitaitumia katika insha hii yote: muziki wa kazi humtumikia mfanya kazi, na muziki wa arusi humtumikia mwenye arusi. Yule anayeugeuza ukawa wa kumtumikia yeye mwenyewe amevunja kanuni, awe na ngoma ya ngozi au awe na kompyuta.

Bendi na ndoto ya taifa

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba ile alisikitika kwamba wasomi wa wakati wake walijua dansi za Ulaya, na waliona fahari kuzicheza, ilhali wengi wao hawakupata kuzicheza wala hata kuzisikia ngoma za makabila yao. Alitaka wizara itafute yaliyo bora katika mila za makabila yote ili yawe sehemu ya utamaduni wa taifa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya bendi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na baadaye polisi, jeshi na mashirika ya umma yakawa na bendi zao. Huku kwetu magharibi na kandokando ya Ziwa tulikuwa na Kiko Kids na Tabora Jazz za Tabora, na Mara Jazz ya Musoma. Bendi hizo ziliimba Kiswahili, na mtu wa Shinyanga aliweza kucheza pamoja na mtu wa Musoma bila mkalimani. Hiyo ni sifa kubwa isiyopasa kusahauliwa. Lakini tuseme kweli: ukumbi wa dansi ulikuwa wa vijana na wa watu wa mshahara. Bibi mwenye wimbo wake hakuwa na mahali ndani yake. Tulipata muziki wa taifa, tukasahau kuuliza ni nani katika taifa aliyebaki mlangoni.

Serikali nayo ilijaribu njia ya amri. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana hawakuacha kuupenda kwa sababu ya tangazo. Mimi niliyekula mshahara wa serikali kwa miaka mingi nakiri kwamba amri inaweza kufunga ukumbi, lakini haiwezi kumfundisha mtu kusikia. Ladha hukua kwa mtu kuchagua, kukosea, kukosolewa na kuchagua tena. Ndiyo sababu nawaandikia walimu na wanafunzi badala ya kuandika waraka.

Dhahabu na spika

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, lakini dhahabu yake ni ya zamani. Ilichimbwa tangu enzi ya ukoloni, ikasimama katika miaka ya 1960, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu, katika eneo la Kahama mkoani Shinyanga, ulifuata mwaka 2001. Kandokando ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mbogwe na kwingineko, wanaoshuka katika maduara kwa kamba na kungoja bahati.

Uchumi huu umebadili arusi kwa namna mbili. Kwanza, umebadili kalenda. Mkulima wa pamba wa Shinyanga alijua fedha zitakuja baada ya mavuno, na arusi ilipangwa kwa miezi mingi. Mchimbaji hajui. Duara likitema leo, arusi huwa mwezi ujao. Hakuna muda wa kina mama kukutana na kufanya mazoezi ya nyimbo. Upo muda wa kukodi tu. Pili, umebadili hadhira. Katika mji kama Katoro meza moja ya arusi huweza kukaliwa na Msukuma, Msumbwa, Mzinza, Mhaya, Mha na Mkurya. Kamati hujiuliza ni muziki gani utakaowafaa wote hawa, na jibu jepesi ni mpiga santuri, ambaye vijana humwita dijei. Yeye huja na jenereta, spika na kompyuta ndogo yenye nyimbo za kila nchi. Hachoki, na haombi kulishwa watu kumi na wawili kama kikundi cha ngoma.

Siwalaumu wanaomchagua. Nilimchagua mimi mwenyewe, na sasa nitasimulia lililotokea.

Dakika tano

Miaka michache iliyopita mpwa wangu aliolewa katika mji mmoja wa ukanda huu wa dhahabu. Nilikuwa katibu wa kamati, na ratiba iliandikwa kwa mkono wangu. Tulimkodi dijei aliyesifiwa kuwa na vyombo vikubwa kuliko wote mjini. Siku tatu kabla ya sherehe tulipata habari kwamba bibi yake bibi arusi anakuja kutoka Kishapu na wanawake wengine watano, na kwamba wana wimbo. Niliwapa dakika tano, kati ya keki na zawadi. Niliona nimekuwa mkarimu.

Wimbo ule niliufahamu kidogo tangu utotoni. Ulikuwa wimbo wa kuhesabu ng'ombe. Mwanamke mzee wa ukoo hutaja, kwa rangi na mabaka yao, ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya kila mwanamke wa ukoo ule alipoolewa, na kisha husema ng'ombe wale walikwenda wapi: huyu alimwolea kaka fulani mke, yule aliuzwa mwaka wa njaa, wale wawili walizaa zizi la mjomba. Binti akiusikia mpaka mwisho huwa amejua yeye ni nani, nani anadaiwa naye na nani anamdai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa inaweza kuwa halali hata bila mahari, na hiyo ni sheria njema. Lakini wimbo ule haukuwa hati ya bei. Ulikuwa kitabu cha ukoo kilichokosa karatasi.

Wazee walisimama. Hawakupewa kipaza sauti, kwa kuwa kimoja kilikuwa kwa mshereheshaji na cha pili kiliwekwa akiba. Walianza polepole, kama ilivyo desturi, kwa kuwaita wenyeji na kuomba radhi. Wimbo wa namna hii hauanzi na jambo. Huanza na adabu. Dijei hakulijua hilo. Aliona watu wamekaa kimya, akadhani sherehe imepoa. Baada ya muda usiofika hata dakika mbili alipandisha muziki wake, na vijana wakaruka kutoka vitini kwa furaha. Nilimtazama bibi. Mdomo wake ulikuwa bado wazi na mkono wake umeinuliwa. Aliushusha, akatengeneza khanga yake begani, akaenda kukaa. Hakulalamika, wala mimi sikusimama. Nilitazama ratiba yangu nikaona kwamba tumeokoa dakika tatu.

Bibi yule alifariki mwaka uliofuata. Wanawake wale watano wanajua kuitikia, lakini hakuna hata mmoja anayejua kutoa. Mpwa wangu ana picha mia mbili za keki, na hana hata ng'ombe mmoja wa ule wimbo. Baadaye aliniuliza bibi alitaka kuimba nini. Nilimweleza haya machache niliyowaeleza ninyi, nikaishiwa.

Fanani watatu

Katika somo la fasihi simulizi tunawafundisha wanafunzi kwamba kazi ya sanaa ina fanani, ina hadhira, ina mahali na ina tukio, na kwamba katika fasihi simulizi hadhira si mtazamaji tu bali ni mshiriki. Na tuwapime kwa kipimo hicho fanani watatu wanaoitwa kwenye arusi zetu: kikundi cha ngoma, bendi, na dijei.

Wapo wanaodhani kwamba ukikodi kikundi cha ngoma umekwisha kuutunza utamaduni. Sikubali. Nimeviona vikundi vikija arusini na mchezo uleule unaochezwa kumpokea kiongozi uwanjani: dakika kumi na tano, sare za kupendeza, nyoka shingoni, majembe yakirushwa hewani, makofi, kisha kulipwa na kuondoka. Jina la bibi arusi halikutajwa. Wageni walikaa vitini wakapiga picha kwa simu zao. Ngoma ilikuwa ya jadi, lakini tukio halikuwa la jadi, kwa maana hadhira ilinyimwa kazi yake. Sanaa ya aina hii inafaa jukwaani. Arusini ni mapambo kama yalivyo maua ya mezani.

Bendi ina uzuri wake. Wapigaji ni watu wanaoonana ana kwa ana na wachezaji, na wanaweza kurefusha kipande watu wakinogewa au kukifupisha wakichoka. Mashine haiwezi kufanya hivyo isipokuwa ielekezwe. Kosa la bendi nyingi ni kujipigia zenyewe. Mpiga gitaa la solo akishaanza kupanda juu, husahau kwamba baba wa bwana arusi anangoja kwa fimbo yake kuingia uwanjani. Tena bendi kamili ni gharama, nazo zimebaki chache katika miji yetu, kwa hiyo ushauri wa kuikodi ni rahisi kuutoa na mgumu kuufuata.

Dijei ndiye ninayetaka kumtendea haki zaidi, maana nimesimulia kosa la mmoja wao. Niliwahi kuhudhuria arusi nyingine upande wa Bukombe, ambako dijei alikuwa kijana mwenye spika mbili tu, tena zilizochakaa. Siku moja kabla ya arusi alikwenda nyumbani kwa bibi arusi na kuuliza: kina mama wanaimba kwa lugha gani? Watasimama upande gani? Nani anatoa wimbo, na mwisho wake nitaujuaje? Siku ya siku, kina mama walipoinuka, alizima muziki kabisa. Aliushika mwenyewe mkono wa aliyetoa wimbo, akampa kipaza sauti, na cha pili akakiweka katikati ya waitikiaji. Wimbo ulipokwisha hakurukia kelele. Aliacha vigelegele vimalizike, kisha akatafuta muziki wa mwendo uleule wa nyayo za kina mama, akaupandisha taratibu, nao wakaendelea kucheza humo humo wakiwavuta vijana. Kwa muda mrefu sikuweza kusema wimbo wa wazee uliishia wapi na wa vijana ulianzia wapi. Yule ni manju, ingawa hakuimba hata neno moja. Bagalu na Bagika wangemwelewa.

Kutokana na mifano hiyo tunaona kwamba chombo hakimfanyi mtu awe mwenye utamaduni au asiye nao. Mwenye ngoma ya ngozi anaweza kuwa mgeni arusini, na mwenye kompyuta akawa mwenyeji.

Anayelipa na anayesifiwa

Lipo jambo jingine linalohitaji uhakiki, nalo ni la kutunza. Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa," na kumtunza msanii kwa fedha ni desturi njema. Siku hizi Usukumani wapo waimbaji wanaoimba Kisukuma juu ya vinanda vya umeme, na wengine hualikwa kwenye arusi kuziimbia familia. Nimefurahi kuona lugha yetu imepanda jukwaani pamoja na mashine mpya. Lakini katika ukanda wa dhahabu nimeona pia jinsi wimbo unavyoweza kutekwa nyara. Mwenye duara lililotema huinuka na noti mkononi. Mwimbaji humtaja jina. Hutoa tena, humtaja tena, na gari lake, na duara lake. Mpinzani wake naye huinuka. Baada ya nusu saa wimbo umekuwa wa wanaume wawili, na bibi arusi amekaa mbele kama mtu aliyekuja kushuhudia mnada.

Tatizo hili si geni. Mtaalamu Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya mwaka 1988 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya msanii na dola, aliwalinganisha waimbaji wawili wa huku kwetu: Kalikali, aliyethubutu kukosoa, na Mwinamila, aliyeisifu serikali na siasa yake. Swali la msingi la ulinganisho kama huo linatuhusu hadi leo hata pasipo siasa: msanii yu huru kusema nini mbele ya anayemlipa? Wimbo wa jadi wa arusi haukuwa wa kusifu tu. Ulimwonya bwana arusi, ulimtania mama mkwe, ulimwambia bibi arusi mambo magumu ambayo mdomo mtupu ungeona haya kuyasema. Mpiga muziki anayesifu tu kwa sababu analipwa ameiibia arusi nusu ya fasihi yake.

Pingamizi

Wako watakaonijibu kwamba arusi ni furaha, si darasa. Watu wamechanga fedha zao waje kucheza, si kusikiliza historia ya ng'ombe. Nakubali kwamba ni furaha. Lakini na tujiulize ni furaha ya nani. Ikiwa mama aliyemlea binti kwa miaka ishirini na mitano hana hata robo saa ya kufurahi kwa namna anayoijua, basi tumefanya sherehe ya rafiki za bwana arusi, kisha tukaiita ya familia.

Wengine watasema kwamba wageni wa makabila mengine hawaelewi Kisukuma, na kuimba lugha ya kabila ni kuwabagua. Hoja hii ni nzito zaidi, hasa katika nchi iliyojengwa kwa Kiswahili. Lakini kiitikio cha wimbo wa Kisukuma hujifunzwa kwa muda wa kunywa kikombe cha maji. Nimewaona Wahaya na Wakurya wakikiitikia vizuri kuliko mimi. Na haki hiyo haina budi kuwa ya kila upande. Bwana arusi akiwa Mha, mama zake nao wapewe uwanja, sisi tuwaitikie. Mwalimu hakutaka taifa la watu wasiokuwa na ngoma. Alitaka taifa ambamo ngoma ya jirani inasikika. Kelele moja inayofunika zote haituunganishi. Inatufanya viziwi kwa pamoja, na hilo si jambo moja na umoja.

Maswali ya kamati

Ili insha hii isibaki malalamiko, nashauri kila kamati imwulize mpiga muziki maswali yafuatayo kabla ya kuandikiana mkataba, awe ni wa ngoma, wa bendi au wa santuri.

Kwanza: utakuja kuwaona wazee wa pande zote mbili kabla ya siku yenyewe? Anayesema hana haja, hana haja nasi.

Pili: utanyamaza wakati gani, na nani atakupa ishara? Kamati imteue mtu mmoja, ikiwezekana shangazi au bibi, ambaye peke yake ndiye anayeruhusiwa kuomba muziki usimame au uanze.

Tatu: una vipaza sauti vingapi, na kimojawapo kitakuwa cha waimbaji wa familia tangu mwanzo hadi mwisho?

Nne: bibi aliye meza ya mbele ataweza kuzungumza na jirani yake bila kupiga kelele? Wahenga walisema, "Ngoma ivumayo haidumu." Spika zinazowafukuza wazee saa mbili za usiku zimeshindwa kazi, hata kama vijana watakesha.

Tano: usiku ukiisha, nani atakuwa ameimba? Ikiwa jibu ni mashine peke yake, kamati na ikae tena.

Neno kwa walimu

Walimu wa Kiswahili mara nyingi hulalamika kwamba hawana vifaa vya kufundishia fasihi simulizi. Nawaambia kwamba arusi inayofuata katika mtaa wa shule ni maktaba itakayofunguliwa kwa usiku mmoja. Wapelekeni wanafunzi wawili wawili, kwa ruhusa ya wenye arusi, na madaftari yao. Waandike nani alitoa wimbo, nani aliitikia, nani alinyamazishwa na kwa muda gani. Wenye simu za wazazi wao wakinase kile ambacho mimi sikukinasa. Kisha darasani wahakiki kama wanavyohakiki tamthilia. Siku moja wanafunzi hao ndio watakaokaa katika kamati, daftari la michango likiwa mezani, na mmoja wao atasema, "Fulani ana spika kubwa." Natumaini yupo mwingine atakayeuliza, "Je, anajua kuzizima?"

Mimi ni mtunzi wa mashairi kabla ya kuwa mtumishi wa serikali, na yale niliyoshindwa kuyasema usiku ule nikiwa na ratiba mkononi nimeyatia katika ubeti huu, niwaachie wapiga muziki wote:

Nakwita mpiga ngoma, njoo kwetu arusini,
Ukifika kwanza soma, nyuso zilo ukumbini,
Na pindi akija mama, wimbo u mwake kinywani,
Shusha sauti chomboni, bibi aimbe salama.